Saa Kumi na Moja Angani

11 Januari

Dada,

Shikamoo. Huu ni ukurasa wetu wawili. Ule wa Mama nimeutuma peke yake, maana mara iliyopita nilikuwa namsomea barua yako jikoni, nikajisahau, nikapitiliza hadi kwenye ukurasa wangu. Ilibidi nibuni habari za mvua papo hapo. Masikio yake yangekuwa yanasikia vizuri kwenye simu tusingekuwa na kazi hii ya kurasa mbili, mmoja wa kusomwa kwa sauti na mwingine wa kufichwa chini ya godoro.

Kuna jambo. Mama anataka kuja kwako. Hasemi tena "ipo siku", sasa anasema "mwaka huu". Mguu wake bado unavimba, na daktari amesema asikae kitini zaidi ya saa sita mfululizo, damu isije ikaganda. Aliporudi kutoka kliniki akaniuliza, "Kwani kwa dada yako ni muda gani?" Mimi ninayelipwa kuchora ramani sikujua.

Nikaenda kupima. Chumba cha michoro kina ramani ya dunia inayofunika ukuta mzima. Wenzangu walipokwenda kula nilipanda juu ya kiti, nikaweka rula kutoka kwetu hadi kwako. Kilomita elfu kumi na mia moja. Mjomba alipouliza kwa wakala wa tiketi akaambiwa elfu nane na mia saba. Na wewe, mwaka ule ulipofika, uliandika elfu saba. Mji mmoja unawezaje kuwa mahali patatu?

Nilimuuliza mkuu wa chumba chetu, yule tunayemwita Mzee Mistari. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema dunia ni mviringo, na ukiilaza kwenye karatasi nchi za juu zinavutika kama nguo iliyokaa vibaya kwenye kamba, kwa hiyo rula yangu imepima karatasi, haijapima safari. Nimefanya kazi pale miaka miwili. Haya nilifundishwa darasani nikafaulu, na bado nilipanda juu ya kiti na rula.

Niambie basi wewe uliyesafiri. Ulikaa angani saa ngapi?

Mdogo wako,
Rula (jina ulilonipa mwenyewe, usilikatae leo)


19 Januari

Ukurasa wa Mama

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima kabisa. Masomo ya ufamasia yamefika pazuri, na sasa tunafanya mazoezi katika chumba cha dawa cha hospitali. Kazi ni nyingi na miguu inauma, lakini naipenda. Nasikia unataka kuja. Mama, ni mbali mno. Subiri nimalize, nitakuja mwenyewe.

Namalizia na dirisha langu kama unavyopenda. Jua linazama sasa hivi ninapoandika. Jengo la mbele yangu lina madirisha mengi na yote yamekuwa mekundu kama yanawaka.

Binti yako

Ukurasa wa Rula

Marahaba, mdogo wangu. Kilomita sizikumbuki, nani hukumbuka kilomita? Saa ndizo ninazozikumbuka. Ni saa nne na dakika kumi hadi mji wa kubadilisha ndege. Hapo unasubiri saa mbili. Halafu saa saba nyingine. Jumla kumi na moja angani. Wewe mwambie kumi na tatu. Mguu ule si wa kufanyia majaribio. Naomba umzuie kabisa, na umwambie Mjomba aache kuulizauliza tiketi.

Dada


27 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimejaribu kumzuia nikaharibu zaidi.

Nilimwambia saa kumi na tatu kama ulivyosema. Akaenda chumbani akarudi na karatasi ya wakala ambayo Mjomba alimletea. Imeandikwa: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa kumi na dakika kumi alasiri. Akahesabu kwa vidole. "Hizi ni saa nane," akasema. "Wewe na dada yako mnaniongezea saa tano za nini?"

Nikamweleza kwamba saa ya kuondoka ni ya kwetu na ya kufika ni ya huko, na kwamba huko wako nyuma yetu kwa saa tano. Nilitumia sufuria na taa ya mezani. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Kwa hiyo nikienda napewa saa tano bure, na nikirudi wananinyang'anya?" Nikasema ndiyo, ni kama hivyo. Akasema watu waliopanga utaratibu huo hawakuwa na wagonjwa nyumbani.

Lakini yule aliyechanganyikiwa usiku mzima ni mimi, si yeye. Nilipokuwa nazungusha sufuria nilikumbuka dirisha lako. Barua yako iliingia kwenye kompyuta ya ofisini saa moja kasorobo jioni, nikiwa nafunga meza, na nyuma yangu jua letu lilikuwa limezama muda mfupi tu. Wewe unasema lilikuwa linazama "sasa hivi". Ukitoa saa tano, kwako ilikuwa saa nane kasorobo mchana.

Nikamuuliza tena Mzee Mistari. Akasema huko juu kaskazini, mwezi wa Januari, jua hupita kama mgeni mwenye haraka, tena huenda uliandika jana yake jioni ukatuma kesho yake. Yote mawili yanawezekana. Nikaridhika. Kisha nilipofika nyumbani nikagundua sijaridhika. Unajua nilivyo. Kitu kidogo kikikaa vibaya kichwani siwezi kulala upande wowote.

Uliandika lini?

Rula


20 Februari

Ukurasa wa Rula

Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika jana yake, ndiyo, halafu mtandao ukasumbua. Una akili nyingi, mdogo wangu, lakini kuna siku unazitumia kama mtu anayefua nguo safi. Usimpimie Mama jua. Mpe dawa zake.

Dada


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Miezi inapita na barua zako zimekuwa fupi, nami nimekuwa mwoga wa kuuliza. Leo sina budi.

Mama anakuja. Daktari amebadilisha neno lake. Amempa soksi za kubana na vidonge, akasema atembee ndani ya ndege kila saa, na akifika kwenye mji wa kubadilisha ndege anyooshe mguu. Mjomba ameshakata tiketi na kushughulikia vibali vyote. Ni tarehe ishirini na sita mwezi huu. Mimi sikupata likizo, kwa hiyo anasafiri peke yake, ila Mjomba ameomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu pale katikati, kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa ndege ya pili. Mama amesema yeye si mgonjwa wa kusukumwa. Halafu akaniuliza kwa siri kama kiti hicho kina mto.

Amepanga sanduku mara tatu. Jirani akipita anaitwa ndani kusimuliwa. "Mwanangu yuko saa kumi na moja angani," anasema, kama vile saa hizo umezishona wewe mwenyewe. Ile ya saa nane ameiacha, siku hizi umbali ndio unaompa heshima.

Sasa hili jingine. Barua yako ya mwisho kwa Mama, ya Mei thelathini, ilimalizia tena na dirisha. Jua linazama, watoto wanaitwa ndani. Iliingia saa moja kasorobo jioni, kama ile ya Januari. Na ndani uliandika kwamba unaiandika na kuituma bila kuinuka kitini. Mwishoni mwa Mei huko kwako jua linakawia hadi watu wanafunga mapazia ili walale, nimesoma kwenye vitabu vitatu. Saa nane kasorobo mchana haliwezi kuzama.

Siulizi. Naeleza tu kile nisichokielewa. Huenda nimekosea tena, kama nilivyokosea na rula. Natamani nikosee.

Wakala anahitaji anwani ya nyumba Mama atakayofikia. Nitumie haraka.

Rula


9 Juni

Ukurasa wa Mama

Mama yangu, shikamoo. Nimesikia tarehe. Nimefurahi mpaka sijui niandike nini. Beba sweta. Ukiwa kwenye ndege usione aibu kusimama na kutembea, hakuna atakayekutazama. Nakupenda sana.

Binti yako


12 Juni

Dada,

Ukurasa wangu uko wapi? Nimeufungua ule wa Mama mara nne nikidhani wangu umejificha chini yake. Hakuna anwani. Hakuna dirisha pia. Mama amegundua hata yeye. Aliuliza, "Leo dirisha lake limefungwa?" Nikasema umechoka na mitihani.

Fomu iko mbele yangu. Nimeandika jina la mji, kisha kalamu ikasimama. Nimegundua kwamba katika miaka mitatu sijawahi kuandika jina la mtaa wako hata mara moja, wala hukuwahi kulitaja. Najua rangi ya madirisha ya jengo la mbele yako. Sijui liko wapi.

Kila nilichokiona kina maelezo. Ramani ni bapa, saa za huko ziko nyuma ya zetu, majira ya baridi hufupisha siku, mtandao husumbua. Yakipimwa mojamoja hakuna linalokufunga. Ila nimeyaweka yote mezani kwa pamoja, na sijui tena nimtazame nani.

Nauliza sasa, bila rula. Dada, uko wapi?

Rula


15 Juni

Mdogo wangu,

Ukurasa huu ni wako. Kaa chini.

Niko kwenye mji wa kubadilisha ndege. Saa nne na dakika kumi kutoka kwenu. Sijawahi kutoka hapa.

Siku ile nilishuka, nikafuata watu, nikafika kwenye mlango wa kumi na saba. Viti vilikuwa vya buluu. Nilikuwa na barua ya chuo mfukoni, vyeti vyangu, na ile picha yetu tuliyopiga mlangoni. Baada ya saa mbili wakaita. Watu wakainuka. Nikasema moyoni, foleni ikipungua nitainuka. Foleni ikapungua. Wakaita tena. Wakaniita kwa jina, wakalitamka vibaya, nikamtazama yule dada wa mlangoni akilitafuta kwenye orodha yake, nikamwonea huruma, kama vile mtu anayemtafuta ni mwingine na mimi najua alipo. Kisha mlango ukafungwa.

Sikuwa mgonjwa. Hakukuwa na mwanamume. Sikuibiwa, chuo hakikunikataa. Nimetafuta sababu kwa miaka mitatu, maana ningekuwa na sababu ningekuandikia siku ileile. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nyumbani kila mtu alikuwa ananisukuma kwa mapenzi, na pale kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu nyuma yangu, nikaona sina nguvu za kwenda. Hayo nayo labda ni maneno tu. Nilikaa. Ndilo ninaloweza kuliapia.

Nilidhani ningepanda ndege ya kesho yake. Halafu ya wiki ile. Nikaanza kazi ili nisubiri vizuri. Nikawaandikia kuwa nimefika, kwa sababu mlikuwa mmekaa mkisubiri kusikia nimefika. Baada ya hapo kila barua ilibidi ikae juu ya ile ya kwanza. Saa nilizijua kutoka kwenye tiketi, kilomita nilibahatisha. Dirisha ndilo kitu pekee nilichokuwa nawaandikia bila uongo, sikuweza kumbunia Mama dirisha.

Kazi yangu ni kusukuma viti vya magurudumu. Nawapokea wazee na wagonjwa kwenye mlango wa ndege moja, nawapeleka kwenye mlango wa nyingine. Msimamizi wetu hubandika orodha wiki mbili kabla. Tarehe ishirini na sita, namba tisa, ni Mama. Kutoka mlango wa nne kwenda mlango wa kumi na saba.

Nimemwomba mwenzangu tubadilishane zamu, akakubali. Nikamwambia nimeghairi. Asubuhi nimemwomba tena. Ananiuliza kama nina homa.

Mwambie Mama asije. Au mwambie yote. Au usimwambie lolote, mimi nitajificha kwenye chumba cha kufulia hizo saa mbili. Sijui. Niambie wewe nifanye nini.

Dada


18 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako ofisini, nikaikunja, nikaendelea kuchora mto. Nilichora mto mzima kabla ya kugundua nimeupeleka juu ya mlima. Mzee Mistari akauchukua ule mchoro, akaniletea chai.

Unataka nikuambie ufanye nini, na mimi hata hasira yangu siioni vizuri. Mara ni juu yako, mara ni juu yangu mimi niliyekuwa napima jua badala ya kukuuliza kama u mzima. Jana nilikuwa nimekuchukia kabisa. Halafu nikakuona umekaa kwenye viti vya buluu watu wote wakiwa wameondoka, nikashindwa kuendelea.

Ila kuna hesabu moja inayonichoma. Daktari alisema saa sita. Wewe uko nne na dakika kumi. Kwa kila sheria aliyowekewa, kwa mguu uleule, Mama angeweza kuja kwako muda wote huu. Miaka mitatu amekuwa akiugulia umbali ambao haupo.

Sitamwambia. Si kwamba naogopa, au labda naogopa, lakini si hilo. Kwa miaka mitatu nimemsomea maneno yako kwa sauti yangu. Nilikuwa mdomo wako bila kujua nimebeba nini. Haya siyasomi. Utamwambia mwenyewe, karibu na sikio la kulia, ndilo linalosikia. Una saa mbili.

Usibadilishe zamu.

Kwenye fomu, pale pa anwani, nimeandika jina lako. Wakala akasema hiyo si anwani. Nikamwambia ndiyo tuliyo nayo. Alinitazama, kisha akagonga muhuri.

Rula


27 Juni

Rula,

Najua umekaa kando ya kompyuta tangu jana. Nitaeleza kwa mpangilio, nikianza na mwisho hutanielewa.

Abiria wa viti vya magurudumu hushuka mwisho. Nilisimama mlango wa nne na kiti changu, na kwa mazoea tunasimama nyuma ya kiti, ili abiria akae bila kututazama sana. Nikasimama mbele. Mama akatokea ameshikwa mkono na mhudumu, amevaa sweta wakati wa joto, kwa sababu mimi nilimwambia abebe sweta. Akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Uso wake ulifunguka tu, akauliza, "Tumeshafika?"

Nikamkumbatia. Akakaa, akajaribu mto kwa kiganja, akaridhika. "Mimi nilijua ni mbali zaidi," akasema. "Rula kanitisha na saa zake kumi na moja. Nimekaa nne tu, hata mguu haujajua."

Nikaanza kusukuma. Ningeweza kusema palepale. Badala yake nilifuata karatasi ya zamu, na karatasi inasema mlango wa kumi na saba, basi nikampeleka. Njia nzima alikuwa anazungumza: mzee wa kiti cha jirani aliyelala begani kwake, chai iliyokuwa ya vuguvugu, jinsi ulivyomkagua vidonge mpaka akahisi yeye ndiye mtoto. Alisifu sakafu. Akauliza nimeazima wapi hizi nguo za kazi, nikasema ni zangu. Akasema, "Hospitali inawavalisha vizuri."

Tulipofika nikakaa kwenye kiti cha buluu kando yake. Akauliza kama tunasubiri gari. Nikasema tunasubiri kidogo. Tukasubiri sana. Nilikuwa nimeshika mkono wake na maneno niliyoyapanga siku kumi yalikuwa yametoka kichwani, hata la kwanza sikulikumbuka. Kisha wakaita ile ndege. Watu wakainuka. Mama akawatazama wakipanga foleni, akauliza, "Hawa wenzetu wanakwenda wapi tena?"

Nikapiga magoti upande wa kulia. Nikamwambia, Rula. Yote, bila kupamba. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango, kwa hiyo najua: miaka mitatu ilichukua dakika tano. Alinisikiliza akiwa ameuinamisha uso kama anavyofanya jikoni, na kuna mahali alirudisha mkono wake mapajani. Bado sijui kama ilikuwa hasira au alitaka tu kuusugua mguu.

Foleni ilikuwa imekwisha. Alitazama ule mlango, akatazama beji yangu, viatu vyangu, mistari ya buluu kwenye mkono wa shati langu.

"Kwa hiyo huko ninakopelekwa, wewe hauko."

"Siko, Mama."

"Umewahi kufika?"

"Sijawahi."

Yule dada wa mlangoni akatujia na orodha yake. Ananifahamu, tunasalimiana kila siku. Akaniuliza kama abiria wangu yuko tayari, amebaki yeye tu. Nikamtafsiria Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa yeye kuinuka na kupanda ndege ile ili anionyeshe jinsi inavyopandwa. Alinigeukia na kuniuliza kwa sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeelekezwa njia isiyoeleweka:

"Sasa mimi niende kufanya nini?"

Dada wa mlangoni alikuwa anasubiri jibu. Nikamtafsiria hivyohivyo, neno kwa neno, naye akalikata jina la Mama kwenye orodha.

Dada